Malaika Hakumhubiria Eliya



Leo naandika jambo ambalo nimelizungukazunguka kwa zaidi ya mwaka mzima. Nilimwomba kaka yangu mkubwa ruhusa ya kuliandika, naye akanijibu kwa meseji moja: "Andika, ila jina langu liache." Kwa hiyo jina nimeliacha.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa saba, nimetoka kumaliza mwaka wa mwisho wa falsafa. Nyumbani ni Mbinga, na mwezi wa saba kwetu ni baridi na kahawa. Nilipofika nilikuta kahawa ya kaka imeiva hadi inakaukia mitini, wakati mashamba ya jirani yameshachumwa. Karakana yake ya useremala ilikuwa na kufuli. Ndani, mlango wa mteja umeachwa nusu, haujapigwa hata randa upande wa pili. Kaka mwenyewe alikuwa chumbani, amelala, uso ameuelekeza ukutani. Saa sita mchana.

Mama alishaniambia kwenye simu kwamba kaka "hayuko sawa". Majirani walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema siku hizi amekuwa mvivu. Wengine eti amelogwa kwa sababu ya shamba. Shemeji, mke wake, alishachoka kuwasikiliza wote. Aliponiona tu akasema, "Afadhali umekuja, frateri. Wewe atakusikiliza."

Jamani, sentensi ile ilinivimbisha kichwa. Nikaingia chumbani, nikavuta kiti, nikaanza. Nilimweleza habari za matumaini ya Kikristo. Nilimweleza thamani ya mateso yakiunganishwa na Msalaba. Nikamwambia kuna watu wana shida kubwa kuliko yake na bado wanamshukuru Mungu. Nikamuuliza ameungama lini mara ya mwisho. Nikamwambia ajikaze, ana mke, ana watoto wawili, yeye ni mwanaume. Nadhani niliongea dakika arobaini. Kaka hakugeuka. Nilipovuta pumzi akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Mdogo wangu, ukimaliza nifungie mlango."

Usiku ule nilimpigia simu padre mlezi wangu wa kiroho, nusu kuomba ushauri, nusu kulalamika kwamba kaka ameufunga moyo wake. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza, "Amekula nini leo?"

Sikujua.

"Na jana? Usiku analala?"

Sikujua. Mtu niliyekaa chumbani kwake dakika arobaini nikimweleza uzima wa milele, sikujua kama ameweka kitu mdomoni. Padre hakunigombeza. Aliniambia tu, "Kasome Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Kesho unipigie."

Sura hiyo unaifahamu. Eliya ametoka kushinda pale Karmeli, moto umeshuka, watu wote wameona. Kisha malkia Yezebeli anatuma ujumbe kwamba atamuua, na yule nabii shujaa anakimbia. Anafika Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake hapo, anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima, anakaa chini ya mti wa mretemu na kumwomba Mungu aichukue roho yake. Basi, imetosha. Kisha analala (1Fal 19:1-5).

Nilikuwa nimeisoma mara nyingi, lakini usiku ule niliona vitu ambavyo sikuwahi kuviona. Kwanza, yule mtumishi aliyeachwa Beer-sheba. Eliya alikuwa na mtu wa kumsindikiza, akamwacha. Ndivyo alivyokuwa kaka: simu zangu za mwezi wa tano na wa sita hakupokea hata moja, nami nikanuna, nikasema ananidharau. Pili, Mungu hakumkemea. Mtu wa Mungu anaomba kufa, na mbinguni hakuna anayemjibu "ona aibu" wala "wenzako wana shida kuliko zako". Anakuja malaika, anamgusa, anamwambia aamke ale. Pembeni ya kichwa chake kuna mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, anakunywa, halafu (hapa ndipo nilipofunga Biblia na kukaa kimya) analala tena. Hakupona. Hakuruka na kutoa ushuhuda. Alikula akalala. Na malaika hakukata tamaa wala kusema "nimeshamsaidia, hasaidiki". Alirudi mara ya pili, kwa chakula kilekile, na sababu aliyotoa ni kwamba safari iliyo mbele ni ndefu kuliko nguvu zake.

Malaika huyu hahubiri popote katika sura hii. Anapika.

Asubuhi nilimwomba shemeji uji. Nikaupeleka chumbani, nikauweka, nikasema, "Kaka, uji huu hapa," nikakaa sakafuni bila kuongeza neno. Hakunywa. Saa nane nikapeleka ugali kidogo na dagaa wa Nyasa, wale anaowapenda tangu utoto. Akala matonge mawili. Jioni nikachemsha maji ya kuoga, nikamwambia tu kwamba maji yapo bafuni, ya moto. Alikaa muda mrefu kitandani, kisha akaenda. Alikuwa hajaoga siku tano.

Tulipokuwa darasani tukisoma Mtakatifu Thoma wa Akwino, tulicheka tulipofika mahali anapojadili dawa za huzuni. Mwalimu mkubwa namna ile wa Kanisa, katikati ya maswali mazito ya Summa, anaweka kwenye orodha machozi, marafiki, kutafakari ukweli, halafu usingizi na kuoga! Tukaona kama mzaha. Sasa sicheki. Thoma alijua kwamba mtu si roho iliyopakiwa kwenye mwili kama abiria kwenye bodaboda, kwamba pikipiki ikiharibika abiria anashuka anaendelea zake. Mwili na roho ni mtu mmoja. Kinachougusa mwili hugusa hata sala. Na kuhusu marafiki, anasema jambo zuri sana: rafiki akihuzunika nasi, mzigo huonekana mwepesi kama vile kuna mtu ameshika upande wa pili, lakini sababu iliyo bora zaidi ni kwamba mwenye huzuni anaona anapendwa. Kwa hiyo kukaa kwangu sakafuni kulikuwa kunafanya kazi, hata siku ambazo uji ulirudi jikoni umepoa.

Sasa tuseme ugonjwa kwa jina lake. Kaka alikuwa na sonona. Sonona si huzuni ya kawaida ya kufiwa au kuachwa na mchumba, ingawa inaweza kuanzia huko. Mtu anakuwa na giza moyoni karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi. Anapoteza hamu ya vitu alivyovipenda, usingizi unavurugika, chakula kinamshinda au anakula kupita kiasi, anachoka bila kufanya kazi, akili haitulii, anajiona hana thamani. Wanaume wengine haiji kwa machozi, inakuja kwa hasira na pombe. Haiangalii kama unasali. Na ule uvivu wa kiroho ambao walimu wa Kanisa wanauhesabu katika vilema vikuu ni kitu kingine, ni mtu kuchoshwa na mema ya Mungu na kuyakataa. Kaka hakuwa amekataa. Baadaye aliniambia kuna siku alishika rozari akakaa nayo saa nzima, hakuweza kumaliza hata Salamu Maria moja, akaona Mungu amemtupa. Mimi siku ile nilimuuliza ameungama lini.

Ndiyo maana nawaomba wenzangu wa VIWAWA tuwe waangalifu na zile meseji za kusambaza kwenye makundi, za "aliye na Yesu hana msongo wa mawazo". Aliyeandika alitaka kutia moyo, najua. Lakini Yesu mwenyewe pale Getsemani aliwaambia wanafunzi wake kwamba roho yake ina huzuni kiasi cha kufa (Mt 26:38). Akawaomba wakae pale wakeshe pamoja naye. Hakuwaomba ushauri. Na hata hicho kidogo alichoomba kiliwashinda, wakalala.

Wiki ya pili jumuiya yetu ndogo ndogo ilikuja. Nikubali kwamba niliogopa. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa (Ayu 2:13), na kwa maoni yangu hizo ndizo siku saba bora za maisha yao; mambo yaliharibika walipofungua midomo. Wanajumuiya walisali, waliimba, mzee mmoja akaanza kueleza kwamba labda kuna kosa halijatubiwa, mama mmoja akamkatiza kwa wimbo. Kaka alitoka chumbani dakika tano, akasalimia, akarudi. Lakini asubuhi yake, kabla jua halijachomoza vizuri, wanaume wanne wa jumuiya hiyohiyo walikuja na vikapu wakaingia shambani. Hawakuomba kumwona. Walichuma kahawa iliyobaki hadi saa saba, wakaanika, wakaondoka. Kaka aliwaona kupitia dirishani. Alilia, na ilikuwa mara ya kwanza nimwone akilia tangu tulipomzika baba.

Usiku huo nilimuuliza swali ambalo nilikuwa naliogopa. Nilidhani, kama wengi, kwamba ukimtajia mtu kujiua unampa wazo. Padre mlezi alinihakikishia kwamba sivyo, na wataalamu wa afya ya akili wanasema hivyohivyo: kuuliza hakupandi wazo, kunampa mtu mlango wa kutolea alichokibeba peke yake. Nikasema, "Kaka, umewahi kufikiria kujiua?" Bila kuzunguka. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema ndiyo, na kwamba ameshapanga.

Kijana mwenzangu, ukisikia jibu hilo usihubiri, na usiahidi kutunza siri. Kaka aliniomba nisimwambie mtu. Nilimjibu, "Hilo siwezi, nakupenda mno." Nilimwita shemeji. Usiku uleule tuliondoa nyumbani na karakanani vitu ambavyo vingeweza kumdhuru. Nililala chumba kimoja naye, na asubuhi tulikwenda hospitali watatu, mimi, yeye na shemeji. Hatukungoja Jumatatu. Hatukungoja ajisikie yuko tayari.

Njiani aliniuliza kama anapelekwa Mirembe. Tumelifanya jina la hospitali hiyo ya Dodoma kuwa utani wa kutukanana mitaani, "huyu wa Mirembe huyu", na utani huo ndio unaowafungia wagonjwa ndani. Wagonjwa wengi wa sonona hawahitaji hata kulazwa. Kaka alipimwa damu kwanza, kwa sababu yapo magonjwa ya mwili, kama ya tezi ya shingo, yanayoweza kuleta hali inayofanana na hiyo. Akahojiwa kwa utulivu, akapewa dawa, akapangiwa tarehe za kurudi kuzungumza na mshauri. Tuliambiwa dawa hizi hazifanyi kazi kama za malaria. Mara nyingi zinachukua wiki 2 hadi 4, wakati mwingine zaidi, ndipo mgonjwa aone nafuu, na hata akiona nafuu asiziache ghafla bila daktari. Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika isipokuwa tumbo kumsumbua. Shemeji akataka ziachwe. Ilibidi nimkumbushe yale tuliyoambiwa, na tuombe sana, maana mimi mwenyewe nilianza kuyumba.

Watu wananiuliza, frateri, sasa maombi je? Tuliomba kila siku. Nilisali Rozari kando ya kitanda chake kwa sauti ndogo, bila kumlazimisha kuitikia. Nilimwambia kwamba akishindwa kusali Kanisa linasali kwa niaba yake, ndiyo kazi ya ushirika wa watakatifu. Nikamwonyesha Zaburi ya 88, ambayo inaanza na kilio na kuishia gizani, haina aya ya furaha mwishoni, na bado Kanisa linaiweka kinywani mwetu katika Sala ya Usiku kila Ijumaa. Paroko alimletea Komunyo nyumbani. Na kuhusu Jumapili alizokosa Misa, Katekisimu iko wazi kwamba ugonjwa ni sababu ya haki, na sonona ni ugonjwa. Sioni maombi na dawa vikigombana. Malaika aliyemletea Eliya mkate alitoka kwa Mungu, na mkate ulikuwa mkate wa kweli.

Labda unayesoma ulikuwa na mtu wako ambaye hamkumwahi. Sitaki upite hapa ukidhani nakuhukumu. Katekisimu, namba 2282 na 2283, inafundisha kwamba matatizo makubwa ya nafsi, uchungu na hofu kuu vinaweza kupunguza wajibu wa mtu aliyejiua, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake, kwa kuwa Mungu anazo njia anazozijua yeye peke yake. Kanisa linawaombea. Mwombee na wewe, weka nia ya Misa kwa jina lake, wala usione aibu kulitaja.

Hata watakatifu wamepita kwenye nyumba zenye ugonjwa wa akili. Louis Martin, baba yake Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu, alipelekwa mwaka 1889 kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Caen, Ufaransa, akakaa huko miaka mitatu. Ugonjwa wake haukuwa sonona kama ya kaka, ulitokana na mishipa ya ubongo, lakini maneno ya watu yalikuwa yaleyale. Walisema mabinti ndio waliomvuruga kwa kuingia utawani. Binti zake Céline na Léonie walihamia Caen kwa miezi kadhaa ili wawe karibu naye. Mwaka 2015 Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu pamoja na mkewe Zélie. Nilimsimulia kaka habari hii. Akauliza, "Na huyo naye walimwambia ajikaze?" Tukacheka wote wawili. Ilikuwa wiki ya tano ya dawa.

Niseme neno kuhusu shemeji, kwa sababu karibu nimsahau, kama tulivyomsahau wote wakati ule. Kila aliyekuja alimuuliza "mgonjwa anaendeleaje?" Hakuna aliyemuuliza yeye analala saa ngapi. Siku moja nilimkuta nyuma ya jiko amekaa juu ya gogo, anatazama moto tu. Akasema, "Shemeji, kuna wakati namchukia. Mungu anisamehe." Sikuwa na jibu la kitabuni. Nilikumbuka Musa juu ya kilima, mikono imemlegea, Haruni na Huri wakamketisha kwenye jiwe wakamshikilia mikono hadi jua lilipozama (Kut 17:12). Aliyekuwa anawabeba wengine naye alihitaji kubebwa. Tukapanga kwamba mama achukue watoto Jumamosi na Jumapili, na mimi nibaki na kaka, ili shemeji aende kwa dada yake akalale. Alilala, aliniambia, kuanzia Jumamosi saa kumi hadi Jumapili wakati wa Misa ya pili. Wala hakuungama hilo, nami sikumshauri aungame.

Kama una mpendwa mwenye sonona, utachoka kusikia jambo lilelile. Eliya alipofika Horebu, Mungu alimuuliza anafanya nini pale, akatoa malalamiko yake. Baada ya upepo, tetemeko, moto na ile sauti ndogo ya utulivu, Mungu akamuuliza tena, na Eliya akarudia malalamiko yaleyale, karibu neno kwa neno (1Fal 19:10, 14). Mungu alisikiliza mara zote mbili. Kisha akampa kazi ya kufanya na akamtajia Elisha, mtu wa kutembea naye. Mimi kaka akinirudia stori moja mara ya tatu huwa natazama saa. Najifunza.

Kaka hajapona moja kwa moja. Mwezi wa pili mwaka huu alirudi chini tena kwa wiki tatu, nami nilikuwa seminarini, sina ruhusa ya kutoka. Safari hii alimwambia shemeji mwenyewe, siku ya tatu tu, "Naona inarudi," wakaenda hospitali. Ule mlango wa mteja aliumaliza. Bado anameza dawa, baada ya chai ya asubuhi, mbele ya watoto, hajifichi.

Juzi alinipigia wakati wa mapumziko, tupo katika wiki ya mitihani ya teolojia. Sauti yangu haikuwa nzuri, nilikuwa sijalala vizuri siku kadhaa. Nikaanza kumweleza habari za mitihani, akanikatiza: "Mdogo wangu, ngoja kwanza. Umekula?"

Tusali. Ee Bwana, uliyemwona Eliya chini ya mti, waone leo walio kwenye vyumba vilivyofungwa. Wapelekee mkate, maji na usingizi, na mtu wa kukaa nao sakafuni. Na kama mtu huyo ni mimi, nizuie mdomo, nifundishe kupika. Amina.